Macho Hayana Pazia, Lakini Yana Kibodi

Tuanze na kitu kila mtoto wa Kenya anajua. Wageni wamekuja, soda zimeletwa, na wewe unanyoosha mkono kuchukua biskuti ya tatu. Mathe haongei. Anakuangalia tu. Mkono unarudi wenyewe. Kama kuna nchi ilikuwa tayari kwa teknolojia ya kuendesha mashine kwa macho ni hii yetu, juu sisi tumeendeshwa hivyo tangu tukiwa na miaka mitatu.

Sasa mbona naongelea macho leo badala ya mambo yetu ya kawaida? Dada yangu mdogo ana miaka 17. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Kwake yeye hiyo inamaanisha ubongo unatuma ujumbe kwa misuli, lakini ujumbe ukifika umeshachanganyikiwa njiani. Mikono inaenda inakotaka, si anakotaka yeye. Ulimi vilevile. Anaelewa Kiswahili, Kiingereza, Sheng ya mtaa wetu na Kikamba cha nyanya, na haongei hata moja kwa mdomo. Kwa miaka 15 mazungumzo yake na dunia yalikuwa mawili: akiangalia juu ni ndiyo, akifunga macho ni hapana.

Fikiria hiyo maisha kidogo. Unaweza kujibu tu swali ambalo mtu mwingine amekumbuka kuuliza. Una njaa? Unasikia baridi? Unataka kulala? Hakuna mtu aliwahi kumuuliza kama ile seriali tunatazamaga saa mbili usiku ni ya upuzi. Ni ya upuzi, kumbe. Tulijua alipopata njia ya kusema.

Njia yenyewe ni kijiti cheusi, urefu kama wa rula, kimebandikwa chini ya skrini ya laptopu. Shangazi yetu alikuja nacho kwa begi kutoka ng'ambo. Kilitengenezewa wachezaji wa gemu, wale wanataka kamera ya gemu igeuke wakigeuza macho. Ndani yake kuna taa ndogo za infraredi, mwanga ule ule wa rimoti ya TV ambao jicho halioni. Mwanga ukigonga jicho unaacha nukta inayong'aa juu ya konea, ile sehemu angavu ya mbele. Ukigeuza jicho, mboni inahama lakini ile nukta inabaki karibu palepale. Kamera inapiga picha hizo mara nyingi kila sekunde, programu inapima umbali kati ya nukta na katikati ya mboni, na kutoka hapo inakadiria unaangalia wapi kwa skrini. Hakuna uchawi. Ni hesabu ya pembe, ile mlikuwa mnauliza mwalimu itawasaidia wapi maishani.

Kabla ya kuanza lazima mashine ifundishwe macho yako, kwa sababu hakuna macho mawili yanafanana. Nukta inatokea kwa kona, unaifuata, inahamia kona nyingine, unaifuata. Inaonekana rahisi. Kwa mtu ambaye kichwa chake kinaruka bila ruhusa, siku ya kwanza tulirudia hiyo kitu mara 14. Jua likiingia kwa dirisha inaharibika pia, juu jua lina infraredi yake mwenyewe, tena nyingi kuliko ya kijiti. Ndiyo sababu sebule yetu siku hizi ina pazia nzito mchana kama nyumba ya matanga. Majirani waliuliza. Mathe aliwaambia tunatazama sinema.

Na hata ikifanya kazi vizuri kabisa, usidhani ni mshale wa kipanya. Usahihi wake ni kama nusu digrii hadi digrii moja. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwa skrini, digrii moja ni kama sentimita moja. Ile alama ndogo ya kufunga dirisha kule juu kwa kona haina hata hiyo sentimita. Kwa hivyo vitufe lazima viwe vikubwa, na wanaotengeneza tovuti zenye vitufe vidogo kama punje za mtama, dada yangu ana maneno yenu. Ameyaandika. Siwezi kuyapost hapa.

Sasa kuna shida moja ambayo mimi naona ndiyo tamu zaidi kwa hii hadithi yote. Wahenga walisema macho hayana pazia. Mkono unaweza kutulia mfukoni, mdomo unaweza kufungwa, lakini jicho likiwa wazi lazima litue mahali. Sasa mpe jicho kazi ya kubonyeza. Kila unachoangalia kinafunguka! Unaangalia tangazo kwa bahati mbaya, limefunguka. Unasoma menyu ndiyo uamue, imeshaamua. Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani, Robert Jacob, aliipa hii shida jina la mguso wa Midas, yule mfalme wa hadithi za Wagiriki ambaye kila alichogusa kiligeuka dhahabu, hadi chakula. Jicho ni kiungo cha kupokea habari. Sisi tumelipatia kazi ya pili, ya kutoa amri, bila kuliondolea ile ya kwanza.

Dawa inayotumika sana ni kusubiri. Kitufe hakibonyezwi hadi ukikodolee macho muda fulani. Dada yangu alianza na sekunde moja na nusu, sasa yuko chini ya sekunde moja. Lakini piga hesabu ya mwanzo. Neno "nitakupigia" lina herufi 11. Mara sekunde moja na nusu, ni zaidi ya sekunde 16 kwa neno moja, na hapo hujahesabu muda wa jicho kutafuta herufi, wala zile umekosea ukarudi kufuta. Wewe unalia WhatsApp ikichelewa tiki ya pili.

Watu wengi wanaoandika kwa macho kwa njia hii wanafika kama maneno 10 kwa dakika, mabingwa wanakaribia 20. Sisi tukiongea tunapita 100 bila kujua. Hiyo tofauti ndiyo inaua mazungumzo. Unamuuliza swali, anaanza kuandika, kimya cha sekunde 20 kinakuja, na Mkenya kimya hakiwezi. Mtu anaongeza swali la pili. Anaanza kumjibia. Anaanza kuongea na Mathe juu ya kichwa chake. Tulienda hospitali moja na daktari akauliza Mathe, "Huyu anaelewa?" Dada alikuwa katikati ya sentensi. Alifuta yote akaandika moja tu, na sauti ya mashine ikasema: "Huyu anasikia." Hiyo siku niliogopa kucheka lakini nilicheka.

Kama utawahi kuongea na mtu anayetumia hii kitu, nasihi yangu ni moja: nyamaza. Usisome skrini yake akiandika, hiyo ni kama kuchungulia mdomo wa mtu. Subiri amalize.

Hii teknolojia si ya jana pia, ingawa watu kwa komenti watasema ni AI. Mwaka 1908 Mmarekani Edmund Huey alichapisha kitabu kuhusu kusoma, na kwa majaribio yake alikuwa anawawekea watu kitu kama kikombe kidogo juu ya jicho lenyewe, kimeunganishwa na kijiti cha kuchora mwendo wa jicho. Juu ya jicho! Shukuruni tulizaliwa saa hizi. Na msiniambie Stephen Hawking alikuwa anaandika kwa macho. Kila mtu anasema hivyo. Hawking alikuwa anatumia msuli wa shavu, na kihisi kidogo cha infraredi kwenye miwani yake ndicho kilichoona shavu likisogea. Macho walijaribu, lakini kope zake zilikuwa zinalegea na kamera haikupata mboni vizuri. Naitaja hii kwa sababu watu hudhani macho ni suluhisho la kila mtu. Sivyo. Kuna mwenye makengeza, kuna mwenye macho yanayotetemeka, kuna ambaye miwani yake inarudisha mwanga hadi kamera inachanganyikiwa. Wengine swichi moja kwa goti ni bora kuliko kijiti cha bei yoyote.

Ile napenda zaidi, na wasee wa nganya mtaipenda, ni ya Tony Quan. Jamaa wa Los Angeles, msanii wa grafiti, jina lake la ukutani ni Tempt One. Mwaka 2003 aligunduliwa ana ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli hadi mtu anabaki macho tu. Mwaka 2009 kundi la wasanii na watu wa kodi walichukua miwani ya bei rahisi, kamera ya PlayStation, taa za infraredi na waya, wakatengeneza kitu walichokiita EyeWriter. Vifaa vilikuwa vya kama dola 50. Jamaa akachora tena, kwa macho, akiwa kitandani, na projekta ikarusha mchoro wake kwa kuta za majengo mjini usiku. Halafu wakaweka kodi yote wazi, mtu yeyote aichukue. Nimeona picha za ile michoro. Mistari inatetemeka kidogo, na bado ni mtindo wake. Ukijua mtindo wa mtu unaujua.

Turudi nyumbani, kwa kitu kinachonikera. Ili kuokoa muda, programu hizi hukisia neno. Ukiandika herufi mbili tatu inakupatia maneno ya kuchagua. Kwa Kiingereza inasaidia sana. Kwa Kiswahili ni vita. Kamusi ya programu yetu ilikuja na Kiingereza, kwa hivyo dada akianza "nataka" inampa Natasha. Na hata ukiiwekea orodha ya maneno ya Kiswahili, Kiswahili hakikai kwa orodha. Kitenzi kimoja kina mtu, wakati, anayetendewa na tendo, vyote vimeshikana: nitakupigia, atanipigia, hawakutupigia, ungenipigia. Utaorodhesha mangapi? Programu inayokisia neno zima imetengenezwa kwa lugha ambayo neno ni kitu kidogo. Yetu inahitaji kukisia kwa vipande: "ni", halafu "ta", halafu "ku". Wanafunzi wa kompyuta mnaonisoma, mnatafuta mradi wa mwaka wa nne? Huo hapo. Msilete tena mfumo wa kusimamia maktaba.

Tulichofanya sisi ni kumtengenezea ukurasa wa vipande na misemo yake mwenyewe. Ni yeye alichagua. Kitufe cha kwanza aliomba si "maji" wala "choo." Ni "wacha nimalize." Cha pili ni "uongo."

Sauti nayo ilikuwa kichekesho. Ile ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza ikisoma Kiswahili, kama mtalii ameshuka JKIA jana. Microsoft wana sauti mbili za Kiswahili cha Kenya, Zuri na Rafiki, na dada alimchukua Zuri siku ya kwanza. Lakini Zuri anakaa kwa intaneti. Bando ikiisha, sauti inaisha. Stima ikipotea, laptopu ina saa mbili, na ile laptopu ni ya zamani, kwa hivyo sema moja na nusu. Sisi wengine stima ikienda tunaendelea kupiga domo gizani. Yeye anarudi kwa ndiyo na hapana.

Kuna mambo ya pesa na lazima niyaseme. Vifaa maalum vilivyotengenezwa kwa watu wasioongea, vyenye skrini, spika na macho yote pamoja, vinaweza kupita dola 10,000. Hiyo ni zaidi ya milioni moja na laki mbili. Kile kijiti cha gemu ni Sh30,000 na ushei, kabla ya usafiri. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vya hali yake. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu laki moja nchini wenye ugumu wa kuwasiliana. Si wote wanahitaji macho, lakini tuseme hata mmoja kwa 100, bado ni zaidi ya 1,000. Hao 1,000 wako wapi? Wako kwa nyumba, mtu anawauliza kama wana njaa.

Na si lazima usubiri begi la shangazi. OptiKey ni programu ya bure ya kuandika kwa macho kwa Windows, Julius Sweetland aliitoa 2015 akiwa anataka kuvunja hizo bei za mamilioni. Windows yenyewe ina uwezo huo tangu 2017, na mizizi yake ni mchezaji wa zamani wa mpira wa Marekani, Steve Gleason, mwenye ALS, aliyewaomba wahandisi wa Microsoft mwaka 2014. Kwa simu za Android kuna Look to Speak ya Google, unatupa jicho kushoto, kulia au juu kuchagua sentensi, na haihitaji kijiti, kamera ya simu inatosha. Na tangu 2024 iPhone 12 kwenda mbele ina uwezo wa kufuata macho ndani ya mipangilio. Si sahihi kama kijiti, lakini ni mahali pa kuanzia, na kama una iPhone jaribu leo kwa dakika tano. Jaribu kuandika jina lako. Utatoka hapo na heshima mpya.

Najua mtu ameshaanza kufikiria Worldcoin. Agosti 2023 serikali iliisimamisha baada ya watu kupiga foleni hadi KICC wapigwe picha za macho kwa tokeni za takriban Sh7,000. Ni vitu viwili tofauti. Ile ilikuwa inachukua alama ya jicho lako kama alama ya kidole. Hii inafuata mwelekeo tu. Lakini mwelekeo nao unasema mengi. Mashine inayojua umeangalia nini, kwa muda gani, na ulirudi kuangalia tena, inakujua kuliko beste yako. Apple wanasema data ya macho inabaki ndani ya simu. Vizuri. Mimi nataka kila kampuni iseme hivyo kwa maandishi, kabla hatujaanza kuona matangazo yanayojua tulikodolea nini.

Sasa ile stori ya shule. Dada aliandika insha ya ukurasa mmoja, wiki mbili za kazi. Mwalimu wake akasoma, akamwangalia Mathe, akauliza, "Hii ameandika nani?" Mathe alikasirika hadi akanyamaza, na nyinyi mnajua hiyo ni mbaya zaidi. Lakini mimi nasema swali lilikuwa halali. Miaka ya 90 kulikuwa na njia ilienea sana, ambapo msaidizi anashika mkono wa mtu asiyeongea na "kumsaidia" kugusa herufi. Familia zililia kwa furaha. Halafu watafiti wakaonyesha mtu na msaidizi wake picha mbili tofauti, kila mmoja yake, na kilichoandikwa kikawa kile msaidizi ameona. Maneno yote yalikuwa ya msaidizi, mara nyingi bila yeye mwenyewe kujua. Kwa hivyo kuuliza ni sawa. Ubaya ni kuuliza mama badala ya kuuliza aliyeandika.

Basi tukafanya hivyo hivyo. Mimi na Mathe tulitoka nje hadi uwanjani. Hakuna mtu alimgusa. Mwalimu alimwonyesha picha aliyoichagua mwenyewe, sisi hatukuiona. Tuliitwa baada ya dakika kama sita. Ilikuwa picha ya punda amebeba mitungi ya maji. Kwa skrini kulikuwa na maneno mawili: "punda amechoka." Na chini yake, kabla hatujakaa: "madam sasa niulize swali la maana."

Mwalimu aliuliza. Waliongea saa nzima. Sijui waliongea nini, na dada amekataa kuniambia, na hiyo ni mara ya kwanza maishani mwake kuwa na siri.

Wengi mmeniuliza mbona sipost video yake, ati ingetrendi. Najua ingetrendi. Muziki wa piano, macho yanasogea, neno la kwanza ni "mama", komenti zimejaa emoji za kulia. Neno lake la kwanza halikuwa "mama", kwanza. Lilikuwa "zima", na alimaanisha ile seriali. Pili, nilimuuliza. Aliandika "bro usipost", akafikiria, akaongeza, "ukipost tugawane."

Hatujakubaliana asilimia. Hii ya maandishi ameruhusu, kwa sharti nimsomee yote kwanza. Nilimsomea jana usiku, nikanyamaza nikasubiri. Ilichukua dakika mbili. "toa ile ya ugali."

Nimeitoa.